Rejista ya Makosa ya Kingono: Kusajiliwa au Kujiandikisha?

Kila jimbo la Marekani lina sheria inayomtaka mtu aliyetiwa hatiani kwa makosa fulani ya kingono aripoti kwa polisi au kwa sherifu, aseme anaishi wapi na anafanya kazi wapi, na aendelee kusema hivyo miaka mingi baada ya kutoka gerezani. Kwa Kiingereza huitwa "sex offender registration", na tafsiri inayokuja haraka mdomoni ni "usajili wa wahalifu wa ngono". Tafsiri hiyo hainiridhishi, na sababu yangu ni ya watu kabla ya kuwa ya lugha. Wapo wasemaji wa Kiswahili Marekani, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo waliopewa makazi huko, na baadhi yao hulisikia neno hili kwa mara ya kwanza mahakamani, kinywani mwa mkalimani, wakati wa kuamua kama watakiri kosa au la. Wapo pia wazazi wanaotaka kujua sheria hiyo inawalindaje watoto wao. Wote hao wanahitaji neno lisilowapoteza.

Tuanze na usajili. Kwetu mtu husajili laini ya simu, gari, kampuni. Klabu husajili mchezaji. Ni jambo la mara moja, na ukishalimaliza unapata haki fulani: kupiga simu, kufanya biashara, kucheza ligi. Wanachodai Wamarekani ni kinyume chake. Sheria ya shirikisho ya 2006, iliyopewa jina la mtoto Adam Walsh, imeweka ngazi tatu. Aliye ngazi ya 1 hufika mwenyewe kuhakikiwa taarifa zake mara moja kwa mwaka kwa miaka 15. Wa ngazi ya 2 kila miezi 6 kwa miaka 25. Wa ngazi ya 3 kila miezi mitatu mpaka kufa. Akihama, akibadili jina, kazi au shule, ana siku tatu za kazi kutoa taarifa. Anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole na za kiganja, anataja namba ya gari na majina anayotumia kwenye intaneti. Akitaka kusafiri nje ya nchi, aseme siku 21 kabla.

Hicho ni kiwango cha shirikisho tu, na majimbo mengi hayakifuati chote, ingawa kwa kutofuata hukatwa asilimia 10 ya ruzuku fulani ya masuala ya haki jinai. California, kwa mfano, ina muda wake: miaka 10, miaka 20, au maisha. Huko mtu huhuisha taarifa zake kila mwaka ndani ya siku 5 za kazi za siku yake ya kuzaliwa. Kwa mkimbizi ambaye hati zake zilijazwa 1 Januari kwa kuwa siku yake halisi haikujulikana, tarehe aliyopewa na karani ndiyo inayogeuka kuwa tarehe ya kuripoti. Asiye na makazi maalum hapewi mwaka mzima. Anatakiwa kuripoti kila siku 30. Kutoripoti ukijua unatakiwa ni kosa jipya la jinai, na chini ya sheria ya shirikisho linaweza kumfunga mtu hadi miaka 10. Ndiyo maana nasema kitenzi kinachofaa ni kujiandikisha, na mbele yake liwekwe neno wajibu. "Kusajiliwa" kunamfanya mtu adhani karani ataandika jina lake na yakaisha.

Neno ngazi nimelichagua makusudi. Wengi wangesema daraja, lakini kwa aliyesoma Tanzania daraja la kwanza ni ufaulu wa juu, na mtu akiambiwa yuko daraja la tatu anaweza kudhani yuko chini, kwa hiyo amepata nafuu. Kumbe hapo ndipo pabaya zaidi.

Sasa huyo "mhalifu wa ngono". Sheria ya Tanzania ya 1998 inazungumzia makosa ya kujamiiana. Naliheshimu neno hilo, lakini kiambishi -ana kinabeba dhana ya watu wawili kutendeana, na mtoto aliyebakwa hakutendeana na mtu. Isitoshe, makosa yanayoingia kwenye rejista za Marekani ni pamoja na kumiliki picha za kingono za watoto, ambako hakuna kujamiiana kokote. "Kijinsia" nalo limeshachukuliwa na ukatili wa kijinsia, ambao ni mpana zaidi. Zanzibar husema udhalilishaji, neno lenye uzito wa aibu aliyofanyiwa mtu, ila peke yake halitaji aina ya kosa. Kwa hiyo nashika "makosa ya kingono", na mtu mwenyewe namwita aliyetiwa hatiani. Ni maneno mengi, najua. Lakini vyombo vyetu vya habari vimezoea "mtuhumiwa" kwa kila aliyekamatwa, na rejista hii haina watuhumiwa.

Rejista yenyewe ina historia inayoeleza sura yake. California ilianza 1947, na kwa miongo mingi orodha za namna hiyo zilikuwa za polisi. Oktoba 1989 Jacob Wetterling, mvulana wa miaka 11, alitekwa Minnesota akirudi nyumbani kwa baiskeli. Sheria ya 1994 yenye jina lake ndiyo iliyoyasukuma majimbo yote kuwa na rejista. Mwaka huohuo Megan Kanka, wa miaka 7, aliuawa New Jersey na jirani aliyewahi kutiwa hatiani kwa makosa dhidi ya watoto, na wazazi wake hawakuwa na habari. Sheria ya Megan, iliyopitishwa New Jersey 1994 na ngazi ya taifa 1996, iliifungua orodha kwa umma. Leo mtu yeyote anaweza kutafuta jina, picha na mtaa kwenye tovuti.

Naielewa hasira iliyozaa sheria hizo, na naiona ni ya haki. Lakini watoto wengi wanaodhulumiwa hudhulumiwa na mtu wanayemfahamu, ndugu au rafiki wa familia, ambaye mara nyingi hajawahi kufikishwa mahakamani na hayumo kwenye tovuti yoyote. Patty Wetterling, mama yake Jacob, aliyeipigania sheria hiyo, baadaye alisema hadharani kwamba imetanuka kupita kiasi, hasa kwa kuwaingiza vijana wadogo. Sheria ya 2006 inawafikia hata wenye miaka 14 katika makosa mazito.

Tukiandika kwa Kiswahili tuseme pia ni rejista ya nchi gani, maana hazifanani. Uingereza aliyetiwa hatiani huwapa polisi taarifa zake ndani ya siku tatu, lakini orodha hiyo haianikwi kwa umma. Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamtaka Msajili wa Mahakama Kuu aweke rejista ya waliotiwa hatiani. Ya Marekani ni "rejista ya umma", na neno umma lisiachwe. Lisiongezwe neno adhabu pia: mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Alaska, iliamua kwamba kujiandikisha si adhabu, na ndiyo maana sheria iliweza kuwafikia hata waliohukumiwa kabla haijatungwa.

Mkalimani aliyesimama kando ya mtu anayepewa makubaliano ya kukiri kosa hana nafasi ya kufafanua sheria. Hiyo ni kazi ya wakili. Ila wakili akiutaja msemo huo wa Kiingereza, "sex offender registration", Kiswahili chake kinaweza kuwa: "Utakuwa na wajibu wa kujiandikisha kwenye rejista ya umma ya waliotiwa hatiani kwa makosa ya kingono." Kisha mwenye kesi atauliza mwenyewe, kwa muda gani.