Lukuga, mlango wa ziwa: safari ya Cameron na mabishano yaliyofuata

Mito mingi inaingia katika ziwa Tanganyika. Ruzizi unatoka ziwa Kivu, Malagarasi unatoka Tanzania, na mingine inashuka milimani pande zote. Lakini mto unaotoka ziwani ni mmoja tu: Lukuga, na mdomo wake uko hapa Kalemie. Kila mtoto wa mji anajua hiyo. Hata hivyo, zamani wasafiri wa Ulaya walibishana juu yake kwa miaka, na sababu ya mabishano yao ingali inagusa wakaaji wa kando ya ziwa.

Aliyeanzisha habari hiyo ni Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza. Mwaka wa 1873, Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimtuma kumpelekea msaada David Livingstone. Alipofika pande za Tabora, akakutana na watu wa Livingstone wakiipeleka maiti yake pwani. Cameron hakurudi nyuma. Mwezi wa Februari 1874 alifika Ujiji, akakusanya karatasi za Livingstone zilizobaki pale, kisha akapata mashua ili aipime sehemu ya kusini ya ziwa. Mkubwa wa msafara alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekwisha kufika ziwani mwaka wa 1858 pamoja na Burton na Speke.

Ramani ya kutegemea haikuwepo. Kujua yuko wapi, Cameron alipima kimo cha jua na nyota angani, na kwa hesabu za mwezi akatafuta umbali wa mashariki na magharibi. Kujua ziwa liko juu kiasi gani kupita bahari, alichemsha maji: mahali pa juu, maji yanachemka mbele ya kufikia digrii 100.

Mwanzo wa Mei 1874 akafika Lukuga. Maji yalikuwa yanatoka ziwani, lakini polepole, na kisha kilometa chache tu majani na matete yakafunga njia ya mashua. Chifu wa pale akamwambia kwamba watu wake wanafuata ukingo wa mto huo mpaka Lualaba. Cameron akaamini.

Mwaka wa 1876 akapita Henry Morton Stanley. Yeye alikuta matope na mafunjo, hakuona mkondo wa kweli. Akasema Lukuga bado si mlango, ila utakuwa, kwa sababu ziwa linapanda: kule Ujiji, sehemu aliyoiona kavu mwaka wa 1871 ilikuwa tayari imeingia majini.

Sasa nani alisema kweli? Jibu lilikuja mwaka wa 1879. Edward Hore wa misheni ya London alikuta Lukuga unatoka kwa nguvu sana, na Joseph Thomson naye akauona hivyo. Kumbe kizuizi kilikuwa kimevunjika karibu na mwaka wa 1878. Miaka iliyofuata, ziwa lilishuka karibu mita 10. Basi chifu hakudanganya, na Stanley naye hakukosa macho. Mlango ulikuwa umejiziba kwa udongo na majani, kisha maji yenyewe yakaufungua.

Hapo ndipo habari ya zamani inakutana na ya leo. Maji mengi ya ziwa yanapotea kwa kukauka na jua. Lukuga unatoa sehemu tu. Mvua ikizidi miaka kadhaa, ziwa linapanda, kama wakaaji wa Kalemie, Uvira na Bujumbura walivyoona mwaka wa 2024. Na mdomo wa mto ukijaa mchanga na majani, maji yanachelewa zaidi kushuka. Kwa hiyo hali ya Lukuga si shauri la Kalemie peke yake. Inagusa nchi zote nne za ziwa: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia.

Tena iko jambo la kukumbuka mbele ya kununua kiwanja. Sehemu ya nchi tambarare ya kando ya ziwa, ambapo watu wanajenga sasa, ilikuwa chini ya maji wakati Cameron na Stanley walipopita. Ziwa lilikwisha kufika pale. Linaijua njia.