Mugonjwa anapokataa kula: nani anapaswa kuamua?

Sisi wa mashariki tunajua njaa inayoletwa na vita na kukimbia. Lakini kuna ugonjwa mwingine: chakula kiko mezani, na mutu anaogopa kukila. Waganga wanauita anoreksia. Mugonjwa anaogopa sana kunenepa, hata akiwa amebaki mifupa. Si kiburi, wala si mufungo wa maombi. Ni kati ya magonjwa ya akili yanayoua zaidi.

Ulizo gumu linakuja pale mugonjwa anapokaribia kufa na kusema: «Musinilishe, huu ni mwili wangu.» Tumusikilize ao tumulazimishe?

Kipimo cha sheria

Katika Uingereza ulizo hili limefika mara nyingi mbele ya waamuzi. Sheria yao ya mwaka 2005 juu ya uwezo wa kuamua inaanza hivi: kila mutu mukubwa anahesabiwa kuwa na uwezo mupaka ihakikishwe kwamba hana. Tena, kuchagua vibaya peke yake hakuonyeshi kwamba mutu amekosa uwezo.

Kisha wanapima mambo mane. Anafahamu habari anazopewa? Anaweza kuzishika katika akili? Anaweza kuzipima na kuzitumia? Anaweza kujulisha uamuzi wake? Akishindwa hata moja kwa sababu ya ugonjwa wa akili ao wa ubongo, hana uwezo juu ya uamuzi ule. Hapo wengine wanaamua kwa faida yake, lakini ni lazima waangalie pia mapenzi yake na imani yake.

Mugonjwa wa anoreksia anaweza kuwa na masomo mengi na kusema vizuri. Mara nyingi anashindwa jambo la tatu: anajua kwamba atakufa, lakini woga wa kunenepa unashinda kila neno lingine. Njaa yenyewe pia inageuza mawazo. Katika Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 waliokataa kubeba silaha, wakiwemo wa makanisa ya Quaker na Brethren, walikubali kupunguziwa chakula karibu miezi 6. Walikuwa wazima, lakini wakawa wenye huzuni, wakajitenga, wakawaza chakula muchana na usiku.

Waamuzi walisema nini?

Mwaka 2012, mwamuzi Peter Jackson alipokea habari ya mwanamuke wa miaka 32, aliyeitwa E tu ili jina lake lifichwe. Alikuwa amesomea uganga. Alikuwa ameandika kwamba hataki kulazimishwa, na wazazi wake waliomupenda walitaka mapenzi yake yaheshimiwe. Mwamuzi aliona kwamba E hakuweza kupima uamuzi ule, akaruhusu alishwe hata kwa nguvu, kwa sababu tumaini la kupona lilikuwa bado.

Mwaka uleule, katika habari ya mwanamuke mwingine aliyeitwa L, mwamuzi mwingine aliona kwamba hana uwezo vilevile, lakini akakataa kumulazimisha: mwili wake ulikuwa umezaifika sana hata nguvu ile ingeweza kumuua. Kwa hiyo kukosa uwezo hakumalizi ulizo. Inabaki kuuliza: matunzo haya yatamusaidia, ao yatamuongezea tu mateso?

Sisi tufanye nini?

Kwanza, tusimulazimishe mugonjwa nyumbani. Mwili uliokaa na njaa siku nyingi ukipewa chakula kingi mara moja, chumvi za damu zinashuka na moyo unaweza kusimama. Waganga wanaanza na kidogo na kupima damu kila mara.

Pili, tumupeleke hospitali mapema, mbele akili haijafungwa na njaa. Wakati anaweza kusema, tumuulize anachotaka, tena tukiandike.

Tatu, tusimuambie mugonjwa kwamba ana pepo ao amekosa imani. Maneno hayo yanamuficha zaidi. Mufungo wa kanisa usimuhusu. Muchungaji amuambie wazi kwamba kwake kula ni utii.

Kuamua kwa ajili ya mwingine ni muzigo muzito. Jamaa wanaoubeba, wawe wamekubali matunzo ao wameyaacha, wasihukumiwe katika kanisa. Tukae nao.