Buti ya Mmongolia haikutoka kwa mhunzi

Kwenye gemu na muvi, shujaa wa Kimongolia huwa amevalishwa chuma mpaka kwa vidole vya miguu. Akitembea unasikia kishindo kama sufuria zimeanguka jikoni. Inakaa poa, sikatai. Lakini yule jamaa aliyefika Hungary kwa farasi mwaka wa 1241 hakuwa anajibeba hivyo, na story ya kile alichovaa mguuni ni tamu kuliko hiyo muvi.

Anza na baridi. Nyika ya Mongolia si kama nyika yetu ya kule Tsavo. Usiku wa Januari inaweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Mwaka wa 1253, mtawa Mfransisko aitwaye William wa Rubruck alisafiri hadi huko akiwa na barua ya mfalme wa Ufaransa, Louis wa 9. Shirika lake lilikuwa la watu wanaotembea miguu mitupu, kwa hivyo alipofika kambi ya Möngke Khan mwezi wa Desemba, akaenda ikulu peku. Watu wakamzunguka wakimkodolea macho. Wakauliza, huyu hataki miguu yake tena ama? Maana kwa vile walivyoona, ataipoteza tu. Ikabidi kijana mmoja kutoka Hungary awaelezee mambo ya watawa. Na wenyeji walikuwa sahihi: ncha za vidole vyake ziliganda, na William mwenyewe ameandika kwamba hakuweza tena kutembea peku.

Sasa fikiria mguu huo ndani ya kiatu cha chuma. Chuma kwenye baridi hiyo kinakunyonya joto lote. Adui wa kwanza wa mguu wa mpiganaji wa nyika hakuwa na mkuki.

Ndiyo maana kinga ya mguu ilikuwa ngozi nje na felti ndani. Felti ni sufu ya kondoo iliyoloweshwa, ikasukwasukwa na kushindiliwa mpaka ikawa nzito kama zulia. Buti inayoitwa gutal bado inashonwa Mongolia leo, na ukiiangalia unaelewa mawazo ya watu waliozaliwa juu ya farasi. Ni pana kimakusudi, ndio soksi nene ya felti iingie. Soli ni nene na ngumu, haipindi vizuri ukitembea, lakini nani anatembea? Ncha yake imeinuka juu. Kuna hadithi watalii wanapenda kuambiwa, eti ncha imeinuliwa ili mtu asiumize ardhi akikanyaga. Hadithi nzuri, lakini mimi naamini farasi zaidi. Mguu wa mpanda farasi unakaa ndani ya kikuku, kile chuma kinachoning'inia kutoka kwa tandiko, na ncha kama hiyo inasaidia mguu ukae mahali pake.

Hicho kikuku ndicho kilikuwa ofisi ya mpiganaji. Ukitaka kuvuta upinde unahitaji mikono yote miwili, kwa hivyo farasi anaongozwa kwa mapaja na miguu. Unasimama juu ya vikuku, unageuka, unapiga mshale hata nyuma yako, na muda wote huo nyayo zinasikiliza mnyama anafanya nini. Mguu uliofungwa ndani ya bati hausikii kitu.

Si ati hawakujua chuma. Giovanni da Pian del Carpine, aliyetumwa na Papa mwaka wa 1245, alizikagua deraya zao kama fundi. Anaeleza vibati vyembamba, upana wa kidole na urefu wa kiganja, kila kimoja na matundu manane, vimefungwa kwa kamba za ngozi na kung'arishwa mpaka unajiona uso. Anataja pia deraya za ngozi, zenye kipande cha kifua, cha mgongo, cha kila mkono na cha kila mguu. Kwa hivyo waliojiweza walikinga miguu, na koti refu la vita lilisaidia kufunika mapaja. Lakini chini kabisa, mahali panapogusa kikuku, wachoraji wa Uajemi wa miaka ya 1300 wanatuonyesha deraya inaishia juu na buti za kawaida zinaendelea.

Wazungu waliokutana nao Legnica tarehe 9 Aprili 1241 walikuwa wamefanya hesabu tofauti. Knight mwenye pesa wakati huo alivaa soksi za pete za chuma zilizofunika hadi nyayo. Duke Henry wa 2 wa Silesia aliuawa siku hiyo na kichwa chake kikachukuliwa. Inasimuliwa kwamba mkewe alitambua mwili kwa mguu wa kushoto, kwa sababu ulikuwa na vidole sita. Sisemi viatu ndivyo viliamua vita. Mbinu, nidhamu na farasi wa akiba ndivyo viliamua. Lakini hao farasi wangekuwa na kazi gani kama mpandaji amepoteza vidole njiani?

Na hapa ndipo naona muvi zimetuibia kitu. Ukiweka chuma kila mahali, sifa yote inaenda kwa mhunzi. Carpine na Rubruck, wanaume wawili wa kanisa waliofika kwa nyakati tofauti, wanasema kitu kimoja: wanawake ndio walishona viatu na buti. Rubruck anaeleza jinsi walivyochana mishipa ya wanyama ikawa nyuzi nyembamba, wakaisokota, wakashonea ngozi nayo. Felti pia anaihesabu kwa kazi zao. Kila jeshi lililotoka Mongolia lilitoka likiwa limekanyaga hizo saa za kushona.

Mwaka wa 2016 dunia iliona buti za zamani za nyika hiyo. Kwenye milima ya Altai, karibu mita 2,800 juu, kaburi la mwanamke wa karne ya 10 hivi lilifunguliwa, na miguuni alikuwa na buti za felti zenye michirizi myekundu. Mtandao ukaenda wazimu, eti amevaa Adidas, eti amesafiri kutoka siku zetu. Memes zikajaa. Humo kaburini alikuwa na farasi wake, tandiko, na vifaa vyake vya kushonea.