Tumhamishe Lini? Historia Fupi ya Chujio Letu

Jirani yangu, mtu mwenye busara na asiyekurupuka katika mambo yake, alinisimamisha getini jioni moja akaniuliza: "Daktari, binti yenu mtamhamisha lini?" Mwanawe, aliye darasa moja na wangu katika shule ya serikali ya mtaani kwetu, alikuwa amekwisha kufaulu usaili wa shule ya binafsi yenye kuchagua wanafunzi wake, na nafasi ile ingepotea iwapo ada isingelipwa ndani ya wiki mbili. Watoto hawa walikuwa darasa la tatu Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza. Kwa mpango uliopo, watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, sambamba na darasa la saba la mwisho, na makundi hayo mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja mwaka 2028. Hofu ya jirani yangu, kwa hiyo, si ya kubezwa.

Nilimwomba anipe muda nifikiri. Kisha, kama ilivyo desturi mbaya ya watu wa taaluma yangu, nikaenda kufungua historia.

Julius Nyerere alizaliwa mwaka 1922. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12, na mwaka 1937 akaingia Tabora, shule ambayo Waingereza waliianzisha katika miaka ya 1920 hasa kwa ajili ya wana wa watemi. Katika umri ambao yeye ndio kwanza alikuwa anashika kalamu, binti yangu atakuwa anaaga shule ya msingi. Kwa vipimo vya wazazi wa leo, mwana yule wa Mtemi Burito angehesabiwa kuwa amechelewa kupita kiasi, na nadhani hata usaili asingeitwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mkoloni aligawa masomo katika ngazi tatu za miaka minne minne, na kila mwisho wa ngazi akaweka chujio. Watoto wengi wa vijijini waliishia darasa la nne. Hakuna aliyedai kwamba akili ya mtoto hufikia ukomo wake darasani humo. Shule za kati zilikuwa chache, na zile za sekondari zilikuwa chache zaidi. Mtihani uligeuza uhaba wa madawati kuwa upungufu wa mtoto, na mzazi akarudi nyumbani akiamini kwamba mwanawe ndiye aliyeshindwa.

Uhuru uliondoa chujio la darasa la nne, na darasa la nane likafutwa, mtihani wa kuchagua ukabaki darasa la saba. Hata hivyo nafasi hazikuongezeka kwa kasi ya watoto. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, Nyerere aliandika kwamba ni takriban asilimia 13 tu ya wahitimu wa shule ya msingi waliopata nafasi ya sekondari, na akakataa elimu ya wote ipangwe kwa ajili ya hao wachache. Namwomba msomaji aangalie alilolisema kuhusu umri. Alitaka mtoto aanze shule akiwa mkubwa zaidi, ili amalizapo awe amekomaa vya kutosha kushika kazi ya kijiji. Umri, kwa mara ya kwanza, ulipangwa kwa kumtazama yule asiyechaguliwa. Sasa tunaupunguza kwa sababu iliyo kinyume chake: elimu ya lazima ni ya miaka 10, na kila mtoto anatarajiwa kufika kidato cha nne. Viongozi wa 1967 na wa leo hawakutofautiana juu ya maumbile ya mtoto. Walichotofautiana ni kile kinachomsubiri mlangoni.

Shule za kata, zilizoenea tangu katikati ya miaka ya 2000, zilibadili swali lenyewe. Zamani mzazi aliuliza kama mwanawe atakwenda sekondari. Leo anauliza sekondari ipi. Shule za vipaji maalumu, Kibaha, Ilboru, Mzumbe na wenzao, haziwezi kumeza wote wanaozitamani, na pembeni yake zimesimama shule za binafsi zenye mitihani yake na bei zake. Chujio limehama kutoka wizarani hadi mfukoni.

Lakini kinachowasukuma wazazi kuhamisha mapema, katika darasa la tatu au la nne, naona ni lugha kuliko kitu kingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, Serikali haikukubali. Ufa ule haujazibwa. Mtoto aliyeijua mada ya usanisinuru Desemba huonekana mjinga wa mada hiyohiyo Januari. Anayelipa ada ya shule ya Kiingereza tangu darasa la tatu ananunua daraja la kuvukia ufa uliochimbwa na sera, na mwenye uwezo wa kulinunua simlaumu.

Hivyo nilirudi kwa jirani nikamwambia ninachokiamini: mwanawe hana tatizo la umri, wala miaka 9 haina siri ambayo miaka 12 imeipoteza. Ana tatizo la lugha, na tatizo hilo lina tiba nyingine zaidi ya kuhama. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama ninaweza kumhakikishia nafasi nzuri mwaka 2028. Sikuweza.

Yeye amelipa. Mimi na mke wangu tumeamua binti abaki alipo hadi amalize darasa la sita, na kila jioni baada ya chakula tunasoma naye kurasa mbili za sayansi kwa Kiingereza. Mke wangu bado hajashawishika. Fomu ya ile shule ya binafsi ameihifadhi kabatini, chini ya vyeti vya kuzaliwa.