Ishara ya Kalsiamu, au kwa Kalsiamu?

Mtafsiri wa vitabu vya baiolojia hasumbuliwi sana na neno homoni. Ernest Starling alilileta mwaka 1905 kutoka kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea, nasi tukalipokea likiwa na sauti zake. Wapo wanaopendelea kichocheo, lakini kemia nayo ina vichocheo vyake, na wanafunzi huchanganyikiwa. Peptidi, mnyororo mfupi wa asidi amino, imepita bila ubishi.

Ugumu uko kwenye ishara ya kalsiamu. Mawingu meusi ni ishara ya mvua: yanaonyesha kwamba mvua inakuja. Basi msomaji akikutana na ishara ya kalsiamu atatafuta kitu kinachoonyesha kuwa kalsiamu ipo. Kumbe ndani ya seli kalsiamu yenyewe ndiyo tarishi.

Kosa hilo lina mizizi. Jina kalsiamu limetoka kwenye neno la Kilatini la chokaa, na pwani chokaa ya matumbawe yaliyochomwa ndiyo iliyosimamisha nyumba za Lamu na Unguja. Kwa hiyo kalsiamu tunaiona kama mali ya waashi, na hatukosei: takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno.

Tazama sasa osteoblasti, seli zinazojenga mfupa. Homoni ya paratiroidi, peptidi yenye asidi amino 84, hutoka kwenye tezi ndogo za shingoni, kwa kawaida nne. Haiwezi kupenya utando wa seli. Hubisha hodi kwenye kipokezi kilicho juu yake. Mojawapo ya njia zinazoamshwa hapo hufungua maghala ya ndani, na kalsiamu humwagika. Seli iliyotulia huweka kalsiamu yake huru chini mara elfu kumi hivi kuliko iliyo nje, kwa hiyo hata mmwagiko mdogo husikika kama kengele. Punde pampu huirudisha ghalani au kuitoa nje, na kengele hunyamaza.

Ndiyo maana upashaji ishara kwa kalsiamu, ingawa mrefu, unafaa zaidi. Kiunganishi ya kinamfanya tarishi aonekane mwenye habari. Kwa kinamrudisha kwenye kazi yake.

Muda nao unahitaji maneno makini. Teriparatidi, kipande cha homoni hiyo chenye asidi amino 34 za mwanzo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2002 kutibu mifupa iliyodhoofika. Ikidungwa mara moja kwa siku, hujenga. Homoni hiyohiyo ikizidi damuni bila kukoma, osteoblasti huziita seli zinazobomoa mfupa, na mfupa hupungua. Mtafsiri anayeandika "mara kwa mara" pale palipotakiwa "kwa vipindi" anaacha shaka kama dawa hutolewa na kusitishwa, au hurudiwa tu.