Chuma Kina Mwanya

Mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, reli ya Kintinku haishikiki saa sita mchana. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, maana watoto wa stesheni tulikuwa tukishindana nani atathubutu kuikanyaga peku. Babu yangu, aliyekuwa mtu wa genge la kukarabati njia, ndiye aliyenionyesha mwanya ulioachwa pale chuma kimoja kinapoungana na kingine. "Chuma nacho kinatanuka, mjukuu wangu," alisema. "Ukikinyima nafasi kitapinda, na treni itaanguka."

Hesabu yake ni rahisi. Reli ya mita 12, joto lake likipanda nyuzi 30, hurefuka kwa takriban milimita 4. Wahandisi wanalijua hilo tangu zamani, wakaliwekea kanuni. Nami nilikuwa na miaka 20 nilipojiuliza kama mwanadamu naye amewekewa mwanya wake.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, nikapata kibarua cha kuchimba mitaro kwa mkandarasi mdogo. Tulikuwa watu 15 na dumu moja la maji la lita 20. Siku ya nne, saa saba mchana, mwenzetu mmoja aliacha kutoka jasho. Akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka. Tulimburuta hadi kwenye kivuli cha mbuyu, tukammwagia maji yaliyobaki. Alipona. Jioni mnyapara alimlipa nusu siku, kwa kuwa alifanya kazi nusu siku. Hakuna aliyebisha, nami nikiwemo.

Ukimya ule ndio ulionipeleka kwenye historia, na jambo la kwanza nililokutana nalo lilinishangaza. Katika karne ya 19, kabla ya reli, misafara ya Wanyamwezi na ya watu wa pwani ilikatisha Ugogo ikiwa na pembe za ndovu na vitambaa. Mpagazi alibeba mzigo mzito, lakini mwendo ulikuwa na desturi yake: kuondoka alfajiri, kupiga kambi kabla jua halijafika utosini. Palipokuwa na nyika isiyo na maji, walibadili utaratibu kwa kile kilichoitwa telekeza: walipumzika mchana, wakaondoka jua likianza kulegea, wakalala njiani, na asubuhi wakafika kwenye maji. Tajiri aliyeidharau desturi hiyo aliamka akakuta mizigo ipo na wapagazi hawapo. Kutoroka ndiko kulikokuwa mahakama yao ya kazi.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Katikati ya miaka hiyo miwili ndipo ilipoteremka kwenye bonde letu, ikalivuka, na kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Mataruma yalikuwa ya chuma kwa sababu mchwa wangekula mbao. Wengi wa waliojenga walikuwa Wanyamwezi, watu wa desturi ileile ya safari. Lakini sasa kazi ilipimwa kwa siku zilizohesabiwa na mwajiri, na jua halikuwa na safu yake kwenye daftari.

Tangu hapo, kila kilichopatikana kilipatikana kwa kudai. Mgomo ulioanza bandarini Dar es Salaam Septemba 1947 ulipanda na reli hadi bara. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, chini ya chama chao cha TRAU, waligoma kwa siku 82. Walidai mishahara na heshima. Saa za kazi na malipo viliingia kwenye mazungumzo, joto likabaki nje.

Lipo nje mpaka leo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa moja baada ya saa 5 mfululizo. Anayefanya kazi usiku anaongezewa asilimia 5 kwa kila saa. Saa ya giza ina bei yake. Saa saba ya mchana wa Kintinku haina. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe maji safi ya kunywa, nasi dumu letu lilikuwa limekwisha saa nne asubuhi.

Haishindikani kufanya zaidi. Oman, waliko ndugu zetu wengi, inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti. Qatar imekwenda mbali zaidi tangu 2021: kipimo cha joto na unyevu kikizidi nyuzi 32.1, kazi ya nje inasimama hata kama saa haijafika. Mwaka 2024 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa wafanyakazi zaidi ya bilioni 2.4 hukumbwa na joto kali kila mwaka.

Leo reli ya kisasa, SGR, inajengwa kupita wilaya hii hii ya Manyoni. Ninapoitazama nawakumbuka wapagazi. Hawakuwa na sheria iliyoandikwa, ila walijua saa ya kutua mzigo, na walitua pamoja. Sisi siku ile tulikuwa 15, mnyapara mmoja. Mwenzetu alipofumbua macho, tulirudi mtaroni.