Tope la Silverton

Kuna kauli inayorudiwa sana kuhusu mji wa Silverton, kule kwenye milima ya San Juan katika jimbo la Colorado, Marekani, nayo imekuwa ikinichoma tangu nilipoanza kuisikia. Husemwa kwamba mto Animas ulikuwa safi mpaka tarehe 5 Agosti 2015, siku ambayo wakandarasi wa EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira, walifukua mdomo wa mgodi uliotelekezwa wa Gold King, na maji ya kutu yapatayo lita milioni 11 yakafumuka. Picha zilizunguka dunia: mto mzima rangi ya juisi ya embe, na watu kwenye vitumbwi wameduwaa katikati yake. Kosa la siku ile lilikuwa la EPA, na wenyewe walikiri. Lakini anayesema mto ulianza kuharibika siku hiyo anawafutia deni watu walioufanya jalala kwa miongo mingi, na anawanyima haki watu wa bondeni walioanza kulalamika kabla bibi zetu hawajazaliwa.

Ushahidi uko wazi, tena njia ya kuufikia ni safari ya siku moja iliyo nzuri kupita kiasi. Asubuhi unapanda garimoshi mjini Durango na kupandisha korongo la Animas kilomita 72, mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Reli yenyewe ina upana wa milimita 914 tu, nyembamba hata kuliko ile ya mita moja waliyotuachia wakoloni Kenya, Uganda na Tanzania. Wajenzi waliichagua kwa sababu njia nyembamba hukunja kona kali na haihitaji kuchimbiwa mwamba mwingi. Kaa upande wa kulia. Baada ya Rockwood reli inapita kwenye ukingo uliochongwa katika jabali, mto uko chini yako kama mita 120, maji ya kijani yamebanwa kati ya kuta mbili za mawe, na behewa linakwenda taratibu mno hata unasikia magurudumu yakilia kwenye kona. Hakuna aliyepita pale akabaki anaongea. Mbele kidogo garimoshi linavuka mto, kisha linaufuata karibu njia yote hadi juu, mita 2,800 na ushei kutoka usawa wa bahari, ambako bonde linafunguka ghafla na mji unaonekana chini ya mlima Kendall.

Asili ya mji inajulikana, na vitabu vinavyouzwa huko vinaisimulia vizuri. Charles Baker aliingia na kundi lake la watafuta dhahabu mwaka 1860; mji ukapimwa mwaka 1874; reli ya Denver & Rio Grande ikafika Julai 1882. Kinachopitwa haraka ni kwamba bonde lile lilikuwa na wenyewe. Mkataba wa mwaka 1868 uliwahakikishia Wa-Ute sehemu kubwa ya magharibi ya Colorado, milima ya San Juan ikiwemo. Wachimbaji walivamia hata hivyo. Serikali ilipanga kupeleka askari wawaondoe, halafu Rais Grant akasitisha, na badala ya kuwaondoa wavamizi wakaombwa wenye nchi wasogee. Kwa mapatano ya Brunot ya mwaka 1873, Chifu Ouray na wenzake wakaachia ekari milioni 3.7 kwa dola 25,000 kwa mwaka, huku wakibakiwa na haki ya kuwinda. Miaka minane baadaye, Septemba 1881, askari wakawasukuma Wa-Ute wa Uncompahgre, upande wa pili wa milima ileile, hadi Utah. Majira hayohayo ya vuli vibarua walianza kutandika reli kutoka Durango. Mambo hayo mawili huandikwa katika sura tofauti, kana kwamba yalitokea katika nchi mbili. Mimi nayasoma kwa pamoja, kwa sababu mto ni uleule: baada ya Durango unaingia katika ardhi ya Wa-Ute wa Kusini, waliobanwa kwenye ukanda mwembamba unaopakana na New Mexico. Kila kilichotupwa Silverton kiliteremka kwao.

Na kilitupwa kingi. Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Mawe ya Silverton yana fedha, dhahabu, risasi, zinki na shaba, vyote vimechanganyika. Wingi huo ndio ulioukoa mji mwaka 1893, bei ya fedha ilipoanguka na miji mingine ya Colorado ikafa. Lakini kadiri mawe mazuri yalivyokwisha, ndivyo yalivyobaki yale yenye madini kiduchu ndani ya mwamba mwingi, na hayo hayalipi nauli ya garimoshi. Ilibidi yasagwe hukohuko juu. Vinu vikajengwa kando ya kila kijito. Mawe yalipondwa, yakasagwa, yakapitishwa na maji juu ya meza zinazotikisika; kizito kikakusanywa kupelekwa kuyeyushwa Durango, na chepesi, yale ambayo wachimbaji wa Geita huyaita marudio, kikasukumwa nje ya dirisha na kuangukia mtoni. Hakuna bwawa lililochimbwa wala ukuta uliowekwa kuyazuia. Baadaye, karibu na mwaka 1918, ikaja njia ya kuelesha madini kwa povu na kemikali, ambayo kinu cha Sunnyside pale Eureka kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuitumia kutenganisha risasi na zinki. Njia hiyo inadai unga laini zaidi, na unga laini hauzami upesi: unasafiri na maji kilomita nyingi, ukiwa umebeba risasi na zinki ambazo kinu hakikuzinasa.

Wanasayansi wa idara ya jiolojia ya Marekani walikokotoa baadaye kwamba takriban tani milioni 8.6 za taka za vinu, karibu nusu ya zote zilizozalishwa katika eneo hilo, ziliingia moja kwa moja kwenye mto na vijito vyake. Hebu fikiria mkulima wa bonde la Animas anayefungua mfereji wake asubuhi na kukuta tope la kijivu linatambaa kwenye shamba la majani ya ng'ombe. Likikauka linakuwa gamba. Mwaka unaofuata gamba jingine linaongezeka juu yake. Watu wa Durango walipiga kelele, magazeti yao yakaandika, na jibu la wenye vinu lilikuwa lile ambalo mwenye mtaji hulitoa siku zote: tukifunga sisi, mtakula nini? Walijua wanachosema, maana Durango iliishi kwa kuyeyusha mawe ya Silverton na kuuza makaa. Mwaka 1902 mji wa Durango ukasalimu amri. Ukaacha kunywa maji ya mto unaopita katikati yake, ukahamia mto Florida ulio bonde la pili. Mwaka 1902! Miaka 113 kabla ya EPA kugusa Gold King.

Wapo wanaojibu kwamba maji yale yalikuwa mabaya toka kuumbwa kwa milima. Hoja yao si ya kupuuza. Silverton imekaa kwenye ukingo wa volkano kongwe iliyobomoka, na mawe yake yamejaa pairaiti. Pairaiti ikikutana na hewa na maji huzaa tindikali, na tindikali huyeyusha metali. Mpimaji Franklin Rhoda, wa msafara wa Hayden, alipita huko mwaka 1874, kabla ya vinu kushamiri, akaandika kwamba maji ya Mineral Creek hayafai kunywewa. Sawa. Lakini Rhoda aliandika habari za kijito, wakati watu wa Durango walikuwa wakinywa mto wenyewe, na waliendelea kuunywa hadi tope la vinu lilipowashinda. Kisha mgodi ni nini kama si njia ya kuingiza hewa na maji mahali ambapo havikuwahi kufika? Kila handaki lililochimbwa liliongeza jiwe jipya la kuliwa na tindikali. Kusingizia mlima wote kwa sababu ya kijito kimoja ni hila ya wakili.

Kilichobadilisha mambo ni kesi. Wakulima wa Clear Creek, karibu na Denver, waliushtaki mgodi uliokuwa ukiwamwagia tope, na mwaka 1934 Mahakama Kuu ya Colorado ikawapa ushindi: haki ya kutumia maji si haki ya kumharibia aliye chini yako. Huko Silverton meneja wa kampuni ya Shenandoah-Dives, Charles Chase, alianza miaka hiyohiyo kujenga mabwawa ya kuhifadhi tope la kinu chake cha Mayflower. Haki yake mpe: wengine walikuwa wakitafuta mawakili, yeye akatafuta namna ya kuzuia tope. Ila nasikitika anaposimuliwa kama mtu aliyezinduka peke yake kwa wema wa moyo, na wale wakulima wa Clear Creek wasitajwe kabisa.

Kinu hicho bado kipo, mwendo mfupi kwa gari kutoka mjini, na ndicho ningempeleka mgeni kabla ya kumwonyesha mahali pengine popote. Kilijengwa mwaka 1929, kikasaga kwa vipindi hadi 1991, na siku kilipozimwa watu waliondoka wakaacha kila kitu. Kimeegemea mteremko kwa ngazi ngazi, ili mawe yateremke yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine. Nyaya za kuleta ndoo za mawe kutoka mgodini, karibu kilomita 3, bado zimening'inia juu ya bonde. Ndani utaona mapipa makubwa ya chuma yaliyosaga mawe, na safu za masanduku ambamo povu lilichotwa. Ukuta wa mbao umenyonya grisi hadi umekuwa mweusi. Nimewaona wajukuu wa wachimbaji wakisimama mbele ya mashine hizo na kuzishika kama mtu anavyoshika kaburi la mzee wake, nami siwalaumu hata kidogo. Wanaume wale walifanya kazi ngumu kweli, wakafa kwa vumbi la mwamba kifuani, na wengi hawakumiliki hata jiwe moja. Hasira yangu haiwahusu. Nje, kando ya barabara, ndiyo hiyo milima ya tope iliyofunikwa udongo na majani. Mgeni asiyeambiwa huidhani ni vilima vya kawaida.

Mengine yalikwenda mbio. Mafua ya mwaka 1918 yalizika sehemu ya kumi ya mji kwa wiki chache. Katika vita vya pili vya dunia kiwanda cha Durango, kilichokuwa kikiyeyusha mawe ya Silverton, kiligeuzwa kukamua urani kwa ajili ya bomu la atomiki, kazi ambayo sehemu yake kubwa zaidi ilitegemea mawe ya Shinkolobwe kule Katanga. Wachimbaji wa pande hizo mbili hawakuambiwa wanachimba nini. Garimoshi likaanza kubeba watalii badala ya mawe. Juni 1978 ziwa Emma lilitoboka na kumwagikia ndani ya mgodi wa Sunnyside. Ilikuwa Jumapili, hapakuwa na mtu chini. Mgodi ukafungwa mwaka 1991, mahandaki yakazibwa kwa zege kuanzia 1996, na maji yakapanda ndani ya mlima. Gold King, uliopo juu, ukaanza kutiririsha kuliko zamani. Kwa miaka karibu 20 watu wa Silverton walikataa eneo lao kuingizwa kwenye mpango wa taifa wa kusafisha maeneo yenye sumu, wakiogopa watalii watakimbia. Baada ya mkasa wa 2015 wakakubali, na Septemba 2016 maeneo 48 ya migodi yakaorodheshwa.

Watalii hawakukimbia. Wanashuka garimoshini wakiwa na saa mbili, na wengi wao huishia kwenye migahawa ya mtaa wa Blair. Wangetembea dakika chache tu hadi Cement Creek wangeona mawe ya kijito yaliyovikwa gamba la rangi ya chungwa. Likwangue kwa kucha, linatoka unga. Kampuni ya mgodi wa Sunnyside na serikali zilikubaliana mwaka 2022 kutoa dola milioni 90 za usafi, na Wanavajo, wenyeji wengine wa chini ya mto waliofunga mifereji yao ya Shiprock mwaka 2015 mazao yakiwa shambani, wakalipwa na serikali dola milioni 31. Watu wa Durango wa mwaka 1902 walijitafutia maji yao wenyewe. Kule Gladstone, juu ya kijito, kituo kilichojengwa miezi michache baada ya mkasa kinaendelea kutia chokaa kwenye maji ya Gold King, metali zinazama, na tope jipya linatafutiwa mahali pa kuwekwa.